Nani Atamwuliza Mara ya Pili?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu wa Oltepesi akishikwa na sonona, daktari wa familia atamfaa nini? Sauti nne zinazojibizana hapa nimezipanga mimi, na wenye sauti hizo msiwatafute kijijini. Hoja zao lakini si za kubuni. Panda matatu ya Magadi pale Kiserian, taja habari ya mtu aliyeacha kula bila ugonjwa unaoonekana, na kabla hamjafika Olorgesailie utakuwa umezisikia zote.

Kwanza mahali penyewe. Oltepesi iko kando ya barabara ya Magadi, ukishateremka Kona Baridi na joto la Bonde la Ufa kuanza kukupiga usoni. Ni nchi ya migunga na mifugo. Mgonjwa anayehitaji hospitali ya rufaa ya kaunti hupanda hadi Kiserian, akazunguka kwa Isinya, ndipo akateremka Kajiado mjini. Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910 na ambayo mpaka leo ndiyo hospitali kuu ya maradhi ya akili nchini, iko ng'ambo ya pili ya Nairobi. Madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wao hawatoki mijini. Kwa hiyo yeyote atakayemsaidia mtu wa hapa, itabidi awe karibu.

MZEE: Mimi naanza kwa kupinga. Ukame wa 2009 ulinimalizia ng'ombe, nikaanza upya. Mvua zikakataa tena mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo. Mtu alikuwa na ng'ombe mia, amebaki na sita, halafu mnakuja kuniambia ana ugonjwa? Huyo ana sababu! Nyinyi mnataka kumpa tembe mahali pa ng'ombe. Mpeni mitamba wawili mwone kama hatalala usingizi.

SISTA: Mzee wangu, mlipoteza wote. Wengi wenu mlihuzunika, mkakaa chini, mkainuka. Lakini yuko aliyepata mbuzi kumi baadaye akashindwa kuwatoa bomani asubuhi. Mvua imenyesha, majani yameota, yeye hali, halali, hata mtoto wake akimkimbilia hamwinui. Mke wake ameniambia anakaa nyuma ya nyumba kutwa nzima, jua linamzunguka na kivuli kinamhama, naye hasogei.

MZEE: Huyo namjua. Huyo ni kama ng'ombe asiyecheua. Hana jeraha, kupe humwoni, lakini mchungaji anayeijua kazi yake humtenga jioni hiyohiyo.

SISTA: Na anamtambuaje?

MZEE: Si anamwona kila siku?

Hapo mzee amejishinda mwenyewe bila kujua, na ametaja faida ya kwanza ya daktari wa familia vizuri kuliko ambavyo mimi ningeitaja. Daktari bingwa anamwona mgonjwa akiwa tayari ameanguka. Aliyempima presha mwaka jana, akamchanja mtoto wake, akamshona kidole, ndiye anayeweza kusema: huyu leo si yule.

DAKTARI: Tatizo ni kwamba sonona haiingii chumbani na jina lake. Mtu anakuja na kichwa. Anakuja na mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka, mwili mzima kuuma. Tunampima malaria, hakuna. Tunampima taifodi kwa kile kipimo cha Widali ambacho kinasema ndiyo hata mahali pa hapana, tunamwandikia antibayotiki na dawa ya maumivu. Baada ya mwezi yuko kwenye benchi tena. Mgonjwa aliyekuja mara nne na maumivu manne tofauti, mara ya tano asiulizwe anaumwa wapi. Aulizwe analalaje, na ni lini mara ya mwisho alifurahia kitu.

BINTI: Na kama kweli ana ugonjwa wa mwili, mkamwambia ni mawazo?

DAKTARI: Ndiyo maana ni lazima apimwe na mtu wa tiba. Upungufu wa damu unachosha vilevile. Tezi ya shingoni ikizembea, mtu ananenepa, anakuwa mzito wa mwili na wa fikra. Kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, pombe, mama aliyejifungua juzi: vyote hivyo vichunguzwe kwanza. Na mara nyingi hukuta viwili pamoja, mwenye kisukari ana sonona, na dawa za sukari hazimezi kwa sababu haoni faida ya kuishi. Ukitibu kimoja ukaacha kingine, hujatibu.

Niingilie kidogo. Hawa madaktari wa familia tunaowazungumzia, waliosomea fani hiyo kama ubingwa, Kenya ilianza kuwafundisha mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na hadi leo hawatoshi. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka vituo vidogo viunganishwe katika mitandao, zahanati zikiwa na hospitali ya kuegemea. Jambo jema. Lakini asubuhi ya Jumanne, katika zahanati ya kijiji kokote Kajiado, anayekaa mezani ni muuguzi, au afisa wa kliniki ukibahatika. Kazi ya daktari wa familia inafanywa na sista. Daktari mwenyewe anapaswa kuwa nyuma yake, anapatikana kwa simu, anakuja siku inayojulikana, anawaona wale ambao sista amekwama nao.

DAKTARI: Na tuna chombo. Maswali tisa, yalitolewa Marekani mwaka 2001, na ya Kiswahili yapo. Yanauliza juu ya wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza mawazo, mwili kuwa mzito au kutotulia, na kutamani kufa. Kila swali linapewa kuanzia 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Ikifika 10, kaa na mtu huyo vizuri. Kliniki zetu za virusi zimekuwa zikiyatumia kwa miaka, basi si kitu kigeni kwa wauguzi wa Kenya. Ukiwa na foleni ndefu, anza na mawili ya kwanza tu.

BINTI: Nimesoma kwamba maswali hayo yalitengenezwa kwa pesa za kampuni ya dawa, Pfizer. Muuza viatu amekuletea kipimo cha mguu, nawe hushtuki?

DAKTARI: Nashtuka, na ni haki yako kuuliza. Kampuni ilifadhili, halafu ikaruhusu yanakiliwe bure. Lakini hesabu ile haimwandikii mtu dawa. Mjane wa wiki mbili anaweza kupata 15, nami nitamwacha alie, nimwambie arudi. Namba inaniambia nisimwachie aende hivihivi. Basi.

SISTA: Sasa mnisikilize mimi ninayekaa mezani. Leo ni kliniki ya wajawazito, ni chanjo, kuna mtoto anaharisha, kuna mzee wa presha, na niko peke yangu. Hayo maswali mawili nitayauliza, ni dakika moja. Taabu ni jibu. Mama akishasema ndiyo, machozi yameanza, nikishamfungua nitamfungaje, na watu arobaini wako nje na pazia ndilo mlango?

Hili ndilo swali la mjadala wote, na wataalamu wengi huliruka. Semina hufundisha kuuliza. Hazifundishi nini kifanyike dakika ya tatu, wakati mtoto analia kwenye mizani na mgonjwa amejifunika uso kwa leso.

DAKTARI: Huhitaji kumaliza siku hiyo. Mwambie mambo matatu: kwamba umemsikia, kwamba anachougua kinajulikana na kinatibika, na kwamba Alhamisi alasiri, foleni ikiisha, unamngoja. Andika Alhamisi kwenye kadi yake. Halafu Alhamisi uwepo.

SISTA: Na asipokuja?

DAKTARI: Hapo ndipo tunapowapoteza. Mwaka 2002 Wamarekani walichapisha matokeo ya jaribio lao katika kliniki 18 za kawaida, wagonjwa 1,801 wa miaka 60 na zaidi. Nusu walitibiwa kwa desturi. Nusu ya pili walipewa mtu mmoja wa kuwafuatilia, muuguzi au mwanasaikolojia. Anapiga simu, anauliza kama dawa inamezwa, anasikiliza, na hali isipobadilika anamrudia daktari kumwambia tiba hii ibadilishwe. Baada ya mwaka, katika kila 100 wa kundi hilo, 45 dalili zao zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi. Kwa waliotibiwa kwa desturi walikuwa 19. Dawa hata waliotibiwa kwa desturi waliweza kuzipata. Tofauti kubwa ilikuwa huyo anayefuatilia.

MZEE: Huku kwetu anayefuatilia yupo. Hawa akina mama wenye mikoba.

Kweli wapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na kaya kama mia moja, simu mkononi, na mkobani kipima presha na kipima sukari. Nilipolifikiria jambo hili nilidhani jibu limepatikana: maswali mawili hayana uzito mkobani, mhudumu ayaulize mlangoni, Alhamisi amkumbushe mgonjwa kadi yake. Kisha Binti akasema.

BINTI: Mhudumu wa boma letu ni binamu wa baba. Ninyi mnasema kujuana ni dawa. Mimi naona kujuana ndiko kunakotuziba midomo. Mama yangu Kiswahili chake ni cha soko. Alipokwenda kuonwa, daktari hajui Kimaa, akatafutwa wa kutafsiri, akaitwa mke wa kaka yangu aliyemsindikiza. Na shida ya mama, daktari, iko katika nyumba hiyohiyo ya kaka. Angesema nini? Akasema kichwa. Akapewa dawa ya kichwa.

SISTA: Mimi Kimaa najua.

BINTI: Wewe ulikuwa na chanjo siku hiyo, sista. Na mimi je? Nafanya kazi kiwandani Athi River, napanga Kitengela. Mwaka jana sikuwa nalala. Kitengela kuna kliniki kila kona, na hakuna anayenijua, nikafurahia hilo. Lakini kila nilipokwenda nilikutana na mtu mwingine. Kila mmoja nilimwanzia tangu mwanzo, na kila mmoja aliniandikia dawa za wiki moja. Mara ya nne sikwenda. Hapa nyumbani wananijua kupita kiasi, kule hawanijui kabisa. Niende wapi?

Hapo mzee alinyamaza, na mimi sina jibu la kumridhisha binti huyu. Ninalosema ni kwamba ana haki, na kwamba wanaosifu udaktari wa familia hawapendi kulisikia. Nguvu ya daktari huyo ni kumjua mtu na watu wake. Nguvu hiyohiyo inamtisha mgonjwa, kwa sababu boma lina masikio. Basi yapo mambo ambayo zahanati inaweza kuamua bila kungoja bajeti. Ndugu asiwe mkalimani kamwe katika mazungumzo haya. Mgonjwa aulizwe peke yake, hata kama ni chini ya mti nyuma ya jengo, na mume akiuliza kwa nini aambiwe ni utaratibu kwa kila mtu. Na mgonjwa mwenyewe achague atafuatiliwa na nani: mhudumu wa boma, au mhudumu wa kijiji kingine, au simu ya sista saa anayotaka yeye. Kadi iandikwe tarehe tu. Sababu ya kurudi haihusu jirani.

MZEE: Kuna neno nataka kuuliza, na watoto wasiwepo. Huyo wa nyuma ya nyumba, mkimwuliza kama anataka kufa, si mtakuwa mmemwonyesha njia?

DAKTARI: Hapana, mzee. Anayewaza hivyo ameshaiona njia kabla yetu. Akiulizwa wazi, wengi hupata nafuu, maana walikuwa wamebeba peke yao. Muulize hivihivi: je, umefika mahali pa kutamani usiwepo? Akisema ndiyo, muulize kama amepanga. Akiwa amepanga, usimwache peke yake usiku huo, na dawa ya kuogeshea mifugo ihamie kwa jirani. Huyo hangojei Alhamisi, ni wa gari leo.

SISTA: Watu walikuwa wanaogopa kituo cha polisi.

DAKTARI: Walikuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, adhabu ikifika miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Habari hii ifike kwenye mabaraza ya chifu, si kwenye magazeti peke yake.

MZEE: Na hizo tembe? Mtu akianza si ndiyo basi tena, mpaka kaburini?

DAKTARI: La. Zinazotumika sana hazimfanyi mtu mteja wake kama pombe. Lakini zina adabu zake, na asipoelezwa atazitupa. Fluoksetini huanza na kichefuchefu, pengine wasiwasi wa siku chache. Amitriptilini, ambayo ni ya zamani, inakausha mdomo na kuleta usingizi, na ikimezwa nyingi kwa mara moja inaua, kwa hiyo aliye na mawazo ya kufa hapewi kopo zima. Na zote mbili zinachelewa. Wiki mbili za kwanza mtu huona madhara bila faida, faida inakuja wiki ya tatu, ya nne, wakati mwingine ya sita. Akipona aendelee kwa miezi, sita au zaidi, kisha tunapunguza polepole. Mwenye sonona ndogo huenda asihitaji tembe hata moja.

MZEE: Huyo anatibiwa na nini?

DAKTARI: Na watu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Masaka na Rakai, hapo Uganda. Wanavijiji wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakaongea juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika ghafla. Waliowaongoza walikuwa watu wa kwao waliofundishwa wiki mbili, hakuna daktari. Kabla, 86 katika kila 100 walikuwa na sonona kamili. Baada ya vikundi hawakufika 7. Katika vijiji ambavyo havikupewa vikundi, zaidi ya nusu walibaki nayo. Harare, Profesa Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, nako kukaonekana nafuu. Na jirani zetu wa Makueni, timu ya Profesa David Ndetei iliwafundisha wauguzi, ikawaingiza waganga wa kienyeji na wa makanisani katika kutambua na kupeleka wagonjwa kliniki.

MZEE: Wanaume wa hapa wakae kwenye duara walie?

SISTA: Wanaume wa hapa hukaa chini ya mti kila siku, mzee. Huwa mnaongea nini?

MZEE: Ng'ombe. Mashamba. Nani ameuza shamba lake huko Kitengela akamaliza pesa.

SISTA: Na aliyemaliza pesa, huwa mnamwuliza analalaje?

Mzee hakujibu hilo, wala sitamjibia. Nitasema langu. Hoja yake ya mitamba wawili haijafa. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa, na hakuna dharura inayotulizwa na tembe wakati malisho yamekauka na karo haijalipwa. Daktari anayetibu sonona ya mfugaji bila kuuliza amebakiwa na nini, anapiga ramli. Lakini mitamba wawili ukimpa mtu asiyeweza kuinuka, watakufa bomani, na atajilaumu kwa hao pia. Atibiwe ainuke, kisha mifugo. Au vyote pamoja, kama kaunti inaweza.

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kuanzia kwa zahanati za barabara ya Magadi, sitachagua dawa, ingawa dawa ziwepo. Sitachagua semina nyingine ya kuuliza maswali. Nitachagua alasiri moja kwa wiki, muuguzi wa pili mezani ili wa kwanza akae na watu waliopewa tarehe, chumba chenye mlango, na namba ya daktari mmoja wa familia anayeshika simu. Kaunti ya Kajiado inaweza kulipanga hilo kwa wauguzi ilio nao, ikianza na vituo viwili vitatu, na baada ya mwaka ihesabu ni wangapi walirudi mara ya pili. Idadi ya walioulizwa isitumike kujipongeza.

Nawe msomaji, ukifika mezani kwa sista, usiishie kwenye kichwa. Mwambie unalala saa ngapi, na ni tangu lini huna hamu ya kitu. Kama umetamani kufa, anza na hilo. Ukitaka kusema peke yako, una haki ya kumwambia uliyekuja naye angoje nje. Usiondoke bila tarehe ya kurudi kwenye kadi. Na usiku, zahanati ikiwa imefungwa, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na haikutozi hata senti.